Gongo la hoki la binti: la kaboni asilimia 95 au lililotumika? Na kwa nini glavu huuzwa moja

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Bungoma. Binti yake ana miaka 16 na urefu wa sentimita 162, ni beki wa timu ya mpira wa magongo (hoki) ya shule yake, na mpaka leo amekuwa akiazima gongo la shule. Mama anaandika:

“Mwalimu, nimejikusuru nimnunulie binti gongo lake mwenyewe kabla ya michezo ya shule. Duka moja la Nairobi lina gongo jipya la kaboni asilimia 95, inchi 37.5, na muuzaji anasema ndilo wanalotumia wachezaji wa kimataifa. Kijana mmoja aliyekuwa akichezea klabu anauza lake la inchi 36.5, kaboni asilimia 40, kwa theluthi ya bei hiyo, lakini lina mstari kama ufa karibu na kichwa. Mimi sijawahi kushika gongo maishani. Nitajuaje lililo zima? Halafu nimeambiwa glavu huuzwa moja, ya kushoto peke yake. Binti huandika kwa mkono wa kushoto, na vifundo vya mkono huo huchubuka kila wiki. Glavu moja inatosha kweli, au kuna magongo ya watu wa kushoto?”

Mama, asante kwa kuuliza kabla ya kutoa pesa. Wazazi wengi hunijia gongo likiwa limeshavunjika na mtoto ameshalia.

Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Achana na lile la kaboni asilimia 95. La kijana wa klabu ndilo linalomfaa binti, mradi lipite vipimo nitakavyokueleza, na vipimo vyenyewe utavifanya mwenyewe barazani. Glavu moja ya kushoto inatosha, hapo hukudanganywa. Gongo la mkono wa kushoto halimo katika mchezo huu, kwa hiyo akitokea mtu wa kukuuzia, usimsikilize.

Mtu akiniuliza gongo gani anunue, nami humuuliza mtoto anachezea wapi. Uwanja wa City Park pale Nairobi uliandaliwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 ukawekewa nyasi bandia, na kwenye uwanja wa namna hiyo mpira huteleza kama juu ya meza. Shule nyingi za huko kwenu zinachezea nyasi za kawaida zilizofyekwa, au udongo mwekundu wenye vijiwe. Hapo mpira hurukaruka, na gongo hukwaruzwa kila linapolazwa. Magongo ya kaboni nyingi yalizaliwa na nyasi bandia, na yanastahimili vibaya maisha ya changarawe.

Ukitazama historia utaona jinsi ilivyokuwa. Kenya ilipomaliza ya sita kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964, na ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona mwaka 1971, wachezaji wetu walishika magongo ya mbao, kichwa kikiwa cha mforosadi uliopindwa, na walicheza juu ya nyasi za ardhini. Montreal 1976 ndiyo Olimpiki ya kwanza ambayo magongo yalichezwa juu ya nyasi bandia, na Kenya haikuwepo kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Baada ya hapo mchezo ukawa wa kasi, na watengenezaji wakaifuata kasi hiyo: wakaanza na nyuzi za kioo, wakaja na nyuzi za kaboni, zote zikigandishwa kwa resini, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu. Gongo la mbao kwa mwanafunzi si aibu hata kidogo, ila siku hizi lililo zuri ni shida kulipata.

Kaboni ni ngumu, haipindiki kwa urahisi. Ugumu huo ndio unaoupa mpira nguvu unapogongwa sawasawa, katikati ya kichwa. Sasa fikiria mpira wenyewe: plastiki ngumu, uzito wa gramu 156 hadi 163. Mchezaji anayejifunza huupiga pembeni mara nyingi, na gongo gumu likipigwa pembeni hurudisha mshtuko wote viganjani. Watoto huniambia, “Mwalimu, mikono inawaka.” Baada ya wiki mbili mtoto anaanza kuuogopa mpira, anapiga nusunusu, na kocha anadhani ni mvivu. Binti yako ni beki, na nusu ya kazi ya beki ni kuutuliza mpira unaokuja kwa nguvu. Mpira ukigonga gongo gumu hudunda mita moja mbele, miguuni kwa adui. Gongo lenye nyuzi za kioo kwa wingi na kaboni kiasi huumeza mpira ukabaki pale pale. Asilimia 30 hadi 50 inamtosha sana msichana wa kidato, hata mwenye kipaji.

Usiiamini sana ile namba iliyoandikwa ubavuni. Sheria za mchezo hazisemi lolote kuhusu asilimia ya kaboni, kwa hiyo kila kampuni huandika yake, na mawili yenye 40 yanaweza kuwa tofauti kama mchana na usiku. Magongo mengi duniani, ya bei ya juu na ya chini, hutoka Sialkot kule Pakistan na Jalandhar kule India. Stika ya mchezaji maarufu haiongezi uzima wowote kwenye nyuzi zilizo chini yake.

Muuzaji hakukutajia mpindo, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Gongo halikunyooka. Ukilitazama kwa ubavu utaona limebonyea kidogo kama upinde. Sheria inaruhusu mpindo usiozidi milimita 25, na sehemu yake ya ndani kabisa isiwe karibu na kitako cha kichwa kuliko sentimita 20. Magongo ya wapiga kona fupi (pigo la adhabu karibu na goli) huwekewa mpindo chini kabisa, kwenye mpaka huo wa sentimita 20, ili mpira uburutwe ndani ya bonde lile kisha urushwe langoni. Ni kazi ya mtu mmoja katika timu. Beki akipiga mpira wa kuokoa kwa gongo la namna hiyo, uso wa gongo hulala nyuma kidogo na mpira hupaa bila yeye kutaka. Ukipita kwenye magoti ya watu, refa anapuliza. Kwenye uwanja wa vijiwe, ambako mpira unaruka wenyewe, hatari ni maradufu. Mtafutie gongo ambalo mpindo wake wa ndani uko kama sentimita 25 hadi 30 kutoka chini.

Kupima ni rahisi. Lilaze gongo kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, upande bapa ukitazama chini. Kichwa na mpini vitagusa sakafu na katikati patabaki uwazi. Pitisha rula ya shule ukiisimamisha kwenye uwazi huo, uone panapozidi ni wapi na pana kina gani. Wakati uko pale chini, sukuma gongo kidogo kwa kidole. Likiyumba upande mmoja kama kiti chenye mguu mfupi, limepotoka, na lililopotoka halinyooshwi.

Kuhusu urefu, inchi 36.5 ni kama sentimita 93, na 37.5 ni kama sentimita 95. Tofauti ya sentimita mbili na nusu inaonekana ndogo mpaka binti ainame. Mvalishe viatu anavyochezea, asimame wima, gongo lisimame mbele ya mguu wake: ncha ya mpini ifike kwenye mfupa wa nyonga, isipande sana juu yake. Kisha ainame kama anayeendesha mpira, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Ncha ya mpini ikimchoma tumboni anapogeuza gongo, ni refu. Likiwa refu atashika chini ya ncha, na kile kipande kinachobaki juu ya mkono ndicho kitakachomgonga mbavu siku ya mechi. Kwa sentimita 162, mimi ningeanza na 36.5. Usimnunulie refu ukitumaini ataongezeka kimo. Gongo si sare ya shule.

Sasa ule mstari. Hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa zako zilipo.

Nikiwa kijana nilinunua gongo la kaboni tupu kwa akiba ya miezi mingi. Mechi ya pili nalo, nililaza gongo chini kupora mpira, gongo la mpinzani likanigonga ukingoni. Sikuona kitu. Wiki mbili nzima nilidhani nimepoteza ufundi: pasi hazifiki, mpira ukipigwa unatoa mlio kama wa kopo. Fundi mmoja wa magongo alilichukua mkononi mwangu, akalining'iniza kwa vidole viwili, akagonga kichwa kwa sarafu, mara moja tu, akasema, “Hili limekufa ndani.” Akabandua gripu, ule mkanda wa kushikia unaozungushwa kwenye mpini, na utepe, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele umezunguka karibu nusu ya shingo. Mbao ikipasuka huchanika ukaona. Nyuzi zilizogandishwa na resini huachana kwa ndani na rangi ya juu ikabaki inang'aa.

Kwa hiyo kwa gongo lililotumika fanya hivi. Kwanza mwombe kijana akuruhusu kubandua gripu. Gripu mpya ni kitu cha bei ndogo, na aliye na gongo zima hatakataa. Akikataa, rudi nyumbani. Litazame mchana, nje, si ndani ya duka lenye taa. Pitia polepole sehemu tatu: pale mpini unapoishia na shingo kuanza, kisigino cha kichwa, na kingo zote mbili za theluthi ya chini. Mikwaruzo mingi si kosa, ni alama za kazi. Unatafuta mstari unaokata kwa upana wa gongo.

Ukiupata, na umeshauona mmoja, pitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, polepole, kwa kuukingama. Ukucha ukipita bila kukwama, ni mkwaruzo wa rangi. Ukikwama, bado hujajua, maana rangi nene nayo hupasuka ikaacha kijiukingo. Sasa weka gumba moja upande huu wa mstari na jingine upande ule, kandamiza kwa nguvu kama unayetaka kuufungua. Mstari wa rangi hautikisiki. Ufa wa nyuzi utaonekana ukipanuka na kufumba, wakati mwingine ukitema vumbi jeusi au jeupe. Vumbi hilo ni resini iliyosagika. Ukiliona, usilipie hata theluthi ya theluthi.

Kisha lisikilize gongo. Unajua jinsi mama anavyonunua chungu sokoni: hakitazami tu, hukigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Fanya vivyo hivyo. Lining'inize gongo kwa vidole viwili, ulishike mwisho wa mpini bila kulibana, kichwa kikielekea chini. Gonga kwa sarafu kuanzia kichwani ukipanda juu, kila upana wa vidole viwili. Gongo zima lina sauti moja kavu, inayobadilika taratibu kadiri unavyopanda. Mahali penye ufa sauti huzama ghafla, ikawa butu kama ubao uliolowa, au hutetemeka kama kitu kilicholegea. Kama una gongo la shule, gonga hilo kwanza ili sikio lipate kulinganisha. Hata asiyewahi kucheza husikia. Nimewafundisha watoto wa darasa la tano wakagundua nyufa ambazo mimi kwa macho nilizipita.

Mwisho, weka ncha ya kichwa chini kwenye majani, shika juu, egemea kidogo tu kama unayeegemea mkongojo. Likikwaruza au kutoa mlio wa kijiti kinachovunjika, mrudishie mwenyewe.

Ukikuta ufa mdogo ukaambiwa, “Fundi atapiga msumari, au atafunga waya,” kataa. Sheria hairuhusu chuma chochote ndani ya gongo, kwa sababu za wazi: kikichomoza kitamchana mtu. Vivyo hivyo kingo zilizochanika na kutoa vibanzi. Refa ana haki ya kulitoa uwanjani. Vibanzi vidogo husuguliwa kwa msasa laini na kufunikwa kwa utepe. Lakini angalia utepe usizidi: gongo zima, na utepe wake juu, lazima lipite kwenye pete yenye upana wa milimita 51 kwa ndani. Kata duara la upana huo kwenye kadibodi ya boksi ngumu, ulipitishe kuanzia mpini kwenda kichwani. Nimeona msichana akizuiwa asubuhi ya mechi kwa sababu ya mizunguko mitatu ya utepe aliyoiweka kwa nia njema.

Uzito nisiukalie sana. Sheria inaruhusu hadi gramu 737, lakini magongo ya sasa mengi yako karibu na gramu 530. Mizani ya dukani itakuambia. Kilicho muhimu zaidi ni jinsi uzito ulivyokaa, na hilo mizani haisemi. Linasemwa na kiwiko cha binti. Ashike ncha ya mpini kwa mkono wa kushoto peke yake, anyooshe mkono mbele, gongo likiwa sambamba na ardhi, kisha aligeuze huku na huku kama anayefungua na kufunga kitasa, mara thelathini. Kichwa kikianza kuzama kabla ya ishirini, ni zito kwake kwa sasa, hata kama mizani inasema ni jepesi.

Na kama kijana ni mwungwana, mwombe amwachie binti alijaribu dakika kumi na mpira halisi. Hakuna kipimo kinachozidi hicho. Asimame mita nane kutoka ukutani, asukume mpira, autulize unaporudi. Mtazame mpira, usimtazame binti: ukitulia karibu na gongo, vizuri, ukidunda mbali kila mara, gongo ni gumu kuliko mikono yake. Kisha apige kwa nguvu mara kumi kwenye nyasi, na baada ya kila pigo aseme mkono umehisi nini. Katika mapigo kumi yatakuwepo mawili matatu aliyoyapatia katikati. Hayo hayana maana. Muulize juu ya yale aliyoyakosea. Gongo linalomfaa husamehe yale.

Tuje kwenye mkono wa kushoto, maana maswali yako mawili yana mzizi mmoja.

Gongo la mchezo huu lina uso mmoja bapa, upande wake wa kushoto, na upande wa pili ni mviringo. Hairuhusiwi kuuchezea mpira kwa mviringo. Kwa hiyo dunia nzima, aandikaye kwa kulia na aandikaye kwa kushoto, hushika vilevile: kushoto juu, kulia chini. Mkono wa juu ndio unaogeuza gongo, wa chini unaongoza na kusukuma. Ukifikiri hivyo utaona kwamba binti yako hana hasara. Mkono wake wenye akili ndio ulioko juu, kwenye kazi ngumu ya kugeuza. Wengi wanaotumia mkono wa kushoto huwahi kupata chenga ile ya kuupeleka mpira huku na huku, wakati wenzao bado wanapambana na kiwiko.

Lakini mkono huohuo ndio unaoumia. Beki akinyoosha gongo kwa mkono mmoja kupora mpira, ni wa kushoto. Akililaza gongo chini kuziba njia, vifundo vya kushoto ndivyo vinavyogusa ardhi. Akipiga pigo la kinyume akiwa ameinama, ngozi ya kushoto inasugua changarawe. Wa kulia uko katikati ya mpini na mara nyingi uko salama. Ndiyo maana glavu huuzwa moja, na ndiyo maana vifundo vya binti vinachubuka. Hachezi vibaya, anakaba kwa bidii.

Kabla ya glavu, tazama vidole vyenyewe. Michubuko ioshwe kwa maji na sabuni, iachwe ikauke kabisa kabla ya kuvalishwa kitu, maana jasho ndani ya glavu hugeuza mchubuko kidonda. Kama kuna kidole kilichovimba na hakikunjiki, au kimepinda tofauti na wenzake, mpeleke hospitali apigwe picha. Nimeona watoto wakifunika mfupa uliovunjika kwa glavu mpya kwa hofu ya kuachwa nje ya timu.

Glavu nzuri kwake ni ile yenye ganda gumu mgongoni na sponji chini yake, kiganja kikiwa wazi au kimefunikwa kwa kitambaa chembamba. Kiganja kinene kinapendeza dukani na kuharibu mchezo: gongo linakuwa kama limefungwa blanketi, na mkono unachelewa kugeuza. Kuna zinazoishia katikati ya vidole na zinazofunika mpaka karibu na kucha. Kwa nyasi bandia sijali. Kwa uwanja wenye vijiwe nachagua zinazofika kifundo cha mwisho, hata kama binti atasema za nusu zinapendeza zaidi.

Usiinunue bila yeye kuwepo, au angalau bila kipimo. Zungusha uzi kwenye kiganja chake chini ya vifundo, bila gumba, upime uzi huo kwa rula, na uulize ukubwa kwa sentimita. Herufi za udogo na ukubwa hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Akiivaa, afunge ngumi. Ganda likiwa kipande kimoja kigumu kinachovuka kiungo cha kidole, litamsukuma vidole vifunguke, na mkono utachoka kabla ya mapumziko. Magamba yanatakiwa yagawanyike pale kidole kinapokunjika, kama magamba ya kamba wa baharini. Kisha ashike gongo, wewe ubane kitambaa cha kiganja kwa vidole vyako. Ukipata mkunjo wa kushikika, glavu ni kubwa, na mkunjo huo ndio utakaomtoa malengelenge.

Umeipata glavu ya ukubwa wake? Gonga mgongo wa glavu kwa ncha ya mpini, mkono wake ukiwa ndani na umewekwa juu ya meza, taratibu kisha kwa nguvu kidogo, akikuambia anavyohisi. Anatakiwa ahisi msukumo uliotawanyika mkono mzima. Akihisi nukta moja juu ya kifundo, ganda ni la mapambo. Geuza glavu nje-ndani, tazama mshono kati ya gumba na kidole cha shahada. Hapo ndipo zinapochanika kwanza, na mshono mmoja mwembamba haumalizi muhula. Mwisho lowesha kiganja cha glavu kwa maji, ashike gongo na kuligeuza. Ikiteleza kwa maji, itateleza kwa jasho.

Glavu haifanyi mifupa kuwa ya chuma, na umwambie hivyo. Mpira uliopigwa kwa nguvu ukimpata kwenye ncha za vidole utaumiza bado. Wakati wa kona fupi, beki anaposimama kwenye mstari wa goli, mpira huja kwa kasi nyingine kabisa. Muulize kocha wake kama shule ina barakoa za uso na glavu nene za kulia na kushoto kwa ajili ya kona hizo. Hapo peke yake ndipo glavu ya pili ina kazi kubwa. Na pesa zitakazobaki kwa kuacha lile gongo la Nairobi, mnunulie kinga ya meno na vikinga ugoko kabla ya kitu kingine chochote.

Likishindwa gongo la kijana, usirudi kwenye lile la asilimia 95. Mwambie muuzaji yuleyule unataka la inchi 36.5, kaboni asilimia 30 hadi 50 au hata la nyuzi za kioo tupu, mpindo wa katikati, na ulipime sakafuni mbele yake. Jipya nalo hupimwa; husafiri mbali ndani ya makontena na huangushwa kama vitu vingine.

Likipita, funga utepe mzunguko mmoja kwenye ukingo wa chini wa kichwa, panaposuguana na changarawe, ulipitishe tena kwenye pete yako ya kadibodi. Lisiachwe nyuma ya kioo cha gari juani kutwa. Joto kali halifai kwa resini. Na binti aligonge kwa sarafu siku ya kwanza, aishike sauti hiyo kichwani, halafu aligonge tena kila baada ya mechi.

Kama ukucha umekwama kwenye ule mstari na magumba hayajakupa jibu, piga picha ya karibu mchana, kidole kikiwa kando ya mstari ili nione upana wake, unitumie kabla hujalipa.